Ukurasa wa Mkuu wa Kazi

Mganga wetu alikuwa na funguo tisa kwenye kamba moja ya ngozi, na zahanati nzima ilikuwa na milango mitatu. Hesabu hiyo niliifanya wiki ya kwanza nilipoanza kazi kwake, na tangu siku hiyo sikumwamini. Kabati la dawa lilikuwa na kufuli, sawa. Sanduku la sindano, sawa. Stoo, baiskeli, nyumba yake, sawa. Bado ulibaki ufunguo mmoja mdogo wa shaba, na huo nilikuja kujua ni wa droo ya kulia ya meza yake, droo ambayo hakuna mtu aliyewahi kuiona ikiwa wazi.

Jina lake sitalitaja. Watu wa upande ule, kuanzia Masumbwe mpaka kwenye barabara ya kwenda Kahama, walimwita Mganga, na wale waliotaka kumvika kilemba cha ukoka walimwita Daktari. Hao aliwakatiza papo hapo. "Mimi ni mganga msaidizi wa vijijini," alisema. "Daktari yuko hospitali ya wilaya. Mkimtaka, gari linapita Jumanne."

Nieleze nilifikaje mikononi mwake. Miaka ile ya sabini, kijana aliyemaliza kidato cha sita hakuingia chuo kikuu moja kwa moja. Ulikwenda Jeshi la Kujenga Taifa, ukatoka, ukafanya kazi miaka miwili, ndipo ukaomba. Alama peke yake hazikutosha. Walitaka barua ya tawi la chama, na walitaka ukurasa uliojazwa na mkuu wako wa kazi kuhusu mwenendo wako, ukurasa ambao wewe mwenyewe hukuruhusiwa kuuona ukishajazwa. Alama zangu za fizikia, kemia na bayolojia zilikuwa nzuri. Mama yangu alizika watoto watatu kabla hawajatambaa, na mimi niliutaka udaktari kwa hasira, si kwa kupenda koti jeupe. Kazi niliyopata ilikuwa ya ukarani wa zahanati: kuandika majina ya wagonjwa, kugawa namba, kuchemsha sindano. Kwa hiyo safari yangu yote ilikuwa mikononi mwa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa na droo isiyofunguliwa.

Kazi aliijua, nalisema hilo kwa kinywa kipana, hata kwa siku zile nilizomchukia. Asubuhi alikaa ndani, mgongo ameugeuzia mlango, wagonjwa wakiwa kwenye benchi la nje, akawa anasikiliza tu. Wengine walidhani anasali. Kisha husema bila kugeuka, "Karani, yule mtoto anayepumua haraka, wa karibu na nguzo, aingie kwanza." Nikitoka nakuta kweli mtoto yupo karibu na nguzo, mbavu zinaingia ndani, na mama yake amekaa kimya akingoja namba yake. Waliopiga kelele sana aliwaacha mwisho. "Mwenye nguvu za kulia hivyo atafika saa sita," alisema.

Hakupenda kuuliza mtu anaumwa nini. Aliuliza umekula nini, umelala wapi, umekunywa maji ya kisima kipi, na nani mwingine nyumbani anaharisha. Mgonjwa akisema, "Nina malaria, Mganga," yeye humjibu, "Basi wewe ndiye mganga, kaa hapa, mimi nikapange foleni." Watu walicheka, na yule mtu aliona haya, lakini alipimwa vizuri.

Baiskeli alikuwa nayo na hakuipanda. Aliikokota kijiji kizima, koti lake jeupe limepigwa pasi ya mkaa, akasimamishwa kila nyumba: huyu anamwonyesha jipu, huyu anamwonyesha ulimi wa mtoto. Siku mbili tatu nilizomwona ameipanda, alikuwa anatoka kwenye nyumba ambayo mtu wake amemfia mikononi. Siku hizo alipita mbio bila kumsalimu mtu, na sisi tulijua tusimsemeshe mpaka kesho yake.

Walikuja pia wachimbaji wa dhahabu, vijana wenye vumbi hadi kwenye kope, vidole vimepondwa na mawe. Uchimbaji wao ulikuwa wa kujificha, na waliogopa zahanati kuliko maumivu. Mganga aliosha kidole, akakishona, na kijana alipoanza kujieleza kwamba aliangukiwa na jiwe akichimba choo, alimkata: "Nimekuuliza kidole. Sijakuuliza shimo." Mimi niliona wema hapo kwa siku moja, kisha Mama Kulwa akaniondoa ujinga.

Mama Kulwa alikuwa mkunga wetu, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, aliyekuwepo pale kabla ya Mganga. "Kwa nini hawaulizi?" alininong'oneza tukikunja bandeji. "Anajua mashimo yao. Dhahabu iko kwenye ile droo, ng'wanone, mwanangu. Mtu hafungi hewa kwa ufunguo."

Nilimwamini. Kwa umri ule mtu huamini lolote linalofanana na anachokiogopa.

Tena Mganga mwenyewe alitupa sababu ya kumshuku. Aliwakaripia akina mama waliowachanja watoto chale kwa nfumu, mganga wa kienyeji, akawaambia wanachezea roho za watoto. Kisha Jumapili moja nilimwona kwa macho yangu ametoka uani kwa nfumu mzee wa kijiji cha pili, suruali imekunjwa, goti limepakwa kitu cheusi. Tulikutana uso kwa uso njiani. Nikasema shikamoo. Akasema marahaba, akatazama goti lake, akasema, "Goti langu halikwenda shule, Karani," akaendelea kuikokota baiskeli. Tangu hapo nikamhesabu kuwa mtu wa nyuso mbili.

Kulikuwa na mambo mengine. Mtawa daktari wa misheni, Mzungu, alitutembelea kila baada ya muda kukagua chanjo. Vumbi la gari lake likionekana tu, Mganga alikumbuka choo. Alikwenda kukagua choo, akakaa huko, na mimi ndiye niliyemzungusha yule mtawa na kumjibu maswali yake kwa Kiingereza changu cha sekondari. Mganga alirudi gari likishaondoka, akauliza, "Amesemaje?" Niliona ni kiburi, kwamba hataki kukaguliwa na mwanamke. Mama Kulwa alisema ni wivu, kwamba hataki kusimama karibu na daktari wa kweli.

Na waraka wa dawa ukija kutoka ngazi za juu, umeandikwa Kiingereza, aliniita mezani, akaegemea kiti, akafumba macho. "Soma kwa sauti," alisema. "Sasa nieleze kwa Kiswahili, nione kama shule ilikufaa." Nilisoma, nikaeleza, nikatokwa jasho. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja au mawili, kisha akaitikia kwa kichwa: "Umepata. Rudi kazini." Miaka miwili nilifanya mtihani ule, na kila mara nilirudi kwenye benchi nikijiuliza ameniwekea alama gani kichwani mwake, na lini atazitumia kunimaliza.

Maana walikuwepo wawili waliomalizwa. Hilo ndilo lililoninyima raha. Kabla yangu, karani alikuwa kijana wa Ushirombo, wa familia ya Kikatoliki, mwenye alama ambazo walimu wake walizitaja kanisani. Aliomba udaktari, akampa Mganga ukurasa wake, na jina lake halikurudi. Alingoja mwaka wa pili, kimya. Nilipofika mimi alikuwa anapima pamba kwenye chama cha ushirika. Kabla yake alikuwepo mwingine, mtoto wa mfuga ng'ombe, naye vilevile. Huyo akaishia kufundisha darasa la tatu. Kijijini lilikuwa jambo la kawaida kusema kwamba Mganga anakula fomu.

"Hapendi mtoto wa mtu ampite," alisema Mama Kulwa. "Akija daktari hapa, yeye atakuwa nani?"

Fomu zangu zilikuja na basi la Kahama. Katibu wa tawi alinijazia yake siku ile ile, mbele ya wajumbe, na mjumbe mmoja akataka iandikwe kwamba sinywi pombe hadharani, ikaandikwa. Ukurasa wa mkuu wa kazi nilimpelekea Mganga kwa mikono miwili. Aliushika mbali na macho, akaugeuza nyuma na mbele, akafungua droo kwa ule ufunguo wa shaba, akafungua kidogo tu kiasi cha karatasi kupenya, akaifunga.

"Lini niufuate, Mganga?"

"Nitakuambia."

Wiki ikapita. Nikauliza tena, akasema, "Nalifikiria." Ya pili nikauliza, akaniambia nikachemshe sindano ambazo nilikuwa nimeshazichemsha. Usingizi ulinipaa. Nilianza kumchunga: anaingia saa ngapi, anaitazama droo mara ngapi, anaweka mkono gani mfukoni akiniona. Nikajua hata kikohozi chake cha kujisafisha koo kabla ya kusema uongo. Niliamini nakijua.

Zilipobaki siku nne kabla ya mwisho wa kupokea fomu, alitangaza asubuhi kwamba anakwenda Kahama kufuata dawa. Akavaa koti lake la safari, akaagana na wagonjwa, akapanda lori. Nilipoingia kufuta meza yake, nikaona kamba ya ngozi na funguo zake zote tisa juu ya daftari la wagonjwa, katikati kabisa ya meza.

Nilisimama pale muda mrefu. Mtu yule hakuwahi kuziacha hata akienda choo. Nikasema Mungu amemsahaulisha kwa ajili yangu, nikafunga mlango, nikafungua droo.

Dhahabu haikuwemo. Kulikuwa na mhuri wa zahanati, kidau cha wino, cheti chake cha zamani kilichoanza kuliwa na mende, na kurasa tatu za mkuu wa kazi. Wa juu ulikuwa wangu. Wa pili ulikuwa wa yule kijana wa Ushirombo, na wa tatu wa mtoto wa mfuga ng'ombe. Kurasa zote tatu zilikuwa na sahihi yake chini, nzuri, ya kujipinda, na mhuri juu yake. Mahali pa kuandika maneno hapakuwa na neno hata moja.

Nilielewa, au nilidhani nimeelewa. Hivyo ndivyo alivyowamaliza wenzangu: hakuwasema vibaya, aliwakalia. Nikauchukua ukurasa wangu, nikakaa kwenye kiti chake, nikachukua kalamu yake, nikajaza. Nililaza mwandiko upande usio wangu. Nilijipa kila sifa niliyoijua kwa Kiingereza. Kisha nikafunga bahasha, nikampa dereva wa lori la pamba akaitie posta ya Kahama, nikarudisha funguo palepale katikati ya daftari.

Kesho yake lori lile lile lilirudi, na Mganga akashuka kutoka kiti cha mbele, alikokuwa amekaa na dereva yule yule. Akaingia, akachukua funguo, akafungua droo nikiwa nimesimama mlangoni, akatazama ndani, akaifunga. "Karani," akasema, "kuna katoni sita za dawa nje. Waite vijana tuzishushe kabla ya mvua."

Hakusema zaidi ya hapo, siku ile wala siku zilizofuata. Jina langu lilipotoka kwenye orodha ya waliochaguliwa, kijiji kilishangilia, Mama Kulwa akacheza, na Mganga akanipa mkono. "Nenda," akasema. Nilitafuta tishio kwenye neno hilo, nikaliona.

Miaka mitano ya udaktari niliisoma nikiwa na mtu huyu begani. Kila nilipoitwa ofisini nilijua barua yake ya kunishtaki imefika. Nilihesabu kwamba anasubiri nikaribie kumaliza ili anguko liwe kubwa. Nikamaliza. Nikaapishwa. Nikapangiwa hospitali ya mkoani Shinyanga, na barua haikuja, na kutokuja kwake sikukuhesabu kuwa wema. Sikuwahi kumwandikia. Sikurudi kijijini kwake hata mara moja, na watu walisema elimu imenipanda kichwani.

Kilichonirudisha ni karatasi. Katikati ya miaka ya themanini, kijana mmoja wa maabara yetu aliomba kwenda kusomea udaktari, na ukurasa wa mkuu wa kazi ukaletwa kwangu. Niliuweka mezani siku tatu, nikashindwa kuandika. Wiki ile nilikuwa na safari ya chanjo kuelekea Masumbwe. Nikamwambia dereva tupitie mahali.

Mganga alikuwa amestaafu. Nilimkuta mchana uani kwake, amekaa kwenye kigoda akimenya karanga. Macho yalikuwa yameingia ukungu, lakini aligeuza sikio nilipokuwa bado getini.

"Huyo anakanyaga upande wa nje wa kisigino," akasema. "Karani."

"Shikamoo, Mganga."

"Marahaba. Kaa umenye."

Nikakaa, nikamenya. Tuliulizana habari za mvua, za Mama Kulwa ambaye alikuwa amefariki, za goti lake. Kisha nikashindwa kujizuia. Nikamwambia kwamba siku ile alipokwenda Kahama nilifungua droo yake, nikaiba ukurasa, nikajiandikia mwenyewe.

Aliendelea kumenya. "Najua. Nani alikuachia funguo?"

"Ulizisahau."

"Umenichunga miaka miwili, ng'wanone. Uliniona nikisahau funguo mara ngapi?"

Yeye akasema polepole, bila kunigeukia, akiwa ameelekeza uso kwenye ungo. "Zile karatasi zilikuwa za Kiingereza. Mimi uganga wangu nilifundishwa misheni kwa macho na mikono. Majina ya dawa nayajua yote, na vipimo vyake. Lakini kumweleza mtu, kwamba huyu ana moyo wa namna hii, kwa Kiingereza, hapana. Niliweka sahihi na mhuri siku ya kwanza, nikasema maneno yatakuja. Hayakuja."

"Ungeniambia. Nilikuwa nakusomea nyaraka."

"Nyaraka nilikuwa nakupima." Akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka. "Nione haya mbele ya makarani wangu? Niliona bora waseme nina roho mbaya. Roho mbaya watu wanaiheshimu."

Nikamuuliza kuhusu wale wawili. Mikono yake ikasimama.

"Wale niliwafunga mimi," akasema. "Yule aliyekuwa mwalimu alikwishahama, sikumpata. Wa Ushirombo nilimfuata kule kwenye pamba baada ya wewe kuondoka, nikamwambia kila kitu, kama ninavyokuambia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kuna watu nyuma yangu kwenye foleni."

Nilimwonea huruma na nilimkasirikia kwa wakati mmoja, na mpaka leo sijui kipi kilikuwa kikubwa. Hata pale, naungama, sehemu yangu moja ilikuwa inajiuliza kama kweli aliziacha funguo makusudi au ameamua hivyo baadaye, uzeeni, ili apate jambo moja zuri la kukumbuka.

"Sasa niambie," akasema. "Nilisema nini?"

"Lini?"

"Kwenye ukurasa wako. Ni sahihi yangu ile. Miaka yote hii sijui nilikusema vipi."

Nikamtafsiria. Sentensi zile sikuwahi kuzisahau. Nilisema kwamba mwombaji ni mchapakazi. Akaitikia kwa kichwa, akasema hilo kweli. Nikasema ana huruma kwa wagonjwa. Akafikiri, akasema huruma ilikuwa bado inakuja, lakini haidhuru. Nikasema anaelewana na wenzake, akacheka. Nikafika kwenye neno la mwisho, nikasita, kisha nikalitamka: kwamba mwombaji ni mwaminifu, na anaweza kuaminiwa kwa lolote.

Alishika karanga moja mkononi bila kuipasua.

"Hilo," akasema, "mimi nisingeliandika."

"Ungeandika nini, Mganga?"

Aligeuza uso upande wangu, macho yale yenye ukungu yakanikosa kidogo, yakatua kwenye bega.

"Ningeandika hivi: huyu kijana hamwamini mtu yeyote. Mpeni wagonjwa. Akiwachunga kama alivyonichunga mimi, hakuna atakayekufa bila yeye kujua kwa nini."